Nyumba ya Kahawa kwenye Barabara ya Bukakata

Ukimwomba mzee wa miaka themanini akuelekeze kwenye nyumba ya ukoo wetu, atakuambia uende pale palipokuwa pakilipwa busuulu, yaani kodi ya ardhi. Mtu wa rika la baba yangu atasema ni kwenye stoo ya kahawa. Aliyeanza darasa la kwanza miaka ya 1990 atasema ni ile shule ya zamani. Wote watatu wanalitaja jengo moja la matofali ya kuchoma, lililo juu kidogo ya barabara inayotoka Masaka, nchini Uganda, kuteremka hadi bandari ya Bukakata kwenye Ziwa Viktoria, na wote watatu wanasema kweli.

Naandika historia yake kwa sababu familia imeanza kujadili cha kuifanyia, na kwa sababu wanaoikumbuka vizuri wanapungua. Mengi nimeyapata kwa Ssenga wetu mkubwa, yaani shangazi, aliyezaliwa humo na anayekumbuka kila chumba kilikuwa na kazi gani na wakati wa nani. Mengine yamo katika madaftari ya babu aliyoandikia kahawa iliyopokelewa. Na mengine yako kwenye kuta zenyewe, kwa mwenye subira ya kuzitazama. Jambo moja linajitokeza kila mahali. Karibu kila mlango uliozibwa, kila dirisha lililopanuliwa na kila ukuta ulioongezwa ulitokana na jambo lililoanzia mbali na kijiji: sheria iliyotungwa Entebbe au Kampala, bei ya zao katika masoko ya ng'ambo, vita, au ugonjwa. Wenye nyumba walichoamua wao ni namna ya kuitikia, na ninaamini kwamba katika kuitikia huko walionyesha akili kubwa kuliko tunavyowasifia.

Yote yanaanza na ardhi. Mkataba wa Uganda, uliotiwa saini mwezi Machi 1900 kati ya Sir Harry Johnston kwa niaba ya Uingereza na watawala watatu walioshika madaraka kwa ajili ya Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, ambaye bado alikuwa mtoto mdogo, uliwapa machifu na watu wengine mashuhuri wapatao elfu moja eneo lililokadiriwa kuwa maili za mraba 8,000. Wengi waliopata mailo kubwa, kama ardhi hiyo ilivyoitwa, hawakuwa na fedha za kuiendeleza, wakaanza kuuza vipande kwa watu wadogo. Baba wa babu yangu alikuwa mmoja wa wanunuzi hao. Fedha yake ilitokana na pamba, zao lililoletwa mwaka 1903 na kuenea haraka, na pia na kazi ya kusimamia upakiaji wa mizigo Bukakata, ambako alijifunza Kiswahili cha bandarini na kukileta nyumbani pamoja na chumvi na vitambaa.

Nyumba yake ya kwanza kwenye kiwanja kile ilikuwa ya nyasi, na ilijaa watu. Ule mkataba wa 1900 ulikuwa umeweka kodi ya rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba, na watu sehemu nyingi za Buganda walijibana chini ya paa moja ili walipe mara moja. Nyumba ya matofali ilikuja baadaye, katika miaka ya 1920, kabla reli haijafika Kampala mwaka 1931. Nalitaja hilo la reli kwa sababu linaeleza mabati. Mabati ya kwanza ya nyumba yetu yalishushwa Mombasa, yakapanda treni hadi Kisumu, yakavuka ziwa kwa meli na kushushwa Bukakata, kisha yakabebwa vichwani na wapagazi hadi kilimani. Ni mazito kuliko mabati yanayouzwa leo, na yale yaliyobaki upande wa mbele hayajatoboka.

Matofali yalifyatuliwa pale pale, kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na udongo wa bondeni, na mafundi waliokuwa wamejifunza kazi hiyo kwa mapadre wa Villa Maria. Tanuri lilijengwa mahali ambapo sasa pana shimo lililoota matete. Kuta ni nene, na matofali yameunganishwa kwa udongo, si kwa saruji. Jambo hilo limekuwa na matokeo makubwa, nami nitalirudia. Milango ni ya mvule, kenchi ni za musizi. Ukumbi mrefu ulikatiza katikati kutoka mbele hadi nyuma, vyumba viwili kila upande, na mbele kulikuwa na baraza pana lililoinuliwa ngazi tatu kutoka uwanjani. Jiko lilikuwa nje, kama ilivyo desturi, na nyuma zaidi kuliachwa nafasi ya makaburi ya ukoo, yaani kiggya, chini ya miti ya mutuba.

Baraza hilo halikujengwa kwa ajili ya kupunga upepo. Lilikuwa ofisi. Sheria ya Busuulu na Envujjo, iliyoanza kutumika mwaka 1928, ilipanga kodi ambayo mwenye kibanja alimlipa mwenye mailo kuwa shilingi 10 kwa mwaka, na ikamlinda mpangaji asiondolewe ovyo. Kabla ya hapo wenye mailo waliweza kudai walivyotaka. Mara moja kwa mwaka meza iliwekwa barazani, wapangaji walipanda zile ngazi mmoja mmoja, na majina yao yaliandikwa. Ssenga anakumbuka kwamba aliyekuwa hana fedha hakufukuzwa, bali aliambiwa akae kwenye ngazi ya chini mpaka wengine wamalize, kisha azungumze na mzee peke yake. Familia yetu hupenda kuisimulia habari hiyo kama ushahidi wa huruma. Mimi naona pia kwamba kukaa kwenye ngazi ya chini, mbele ya majirani, kulikuwa adhabu ya aina yake, na ningependa wajukuu wajue yote mawili.

Upande wa nyuma, kando ya jiko, palikuwa na banda refu la vibarua. Tangu miaka ya 1920 watu kutoka Rwanda na Burundi, nchi zilizokuwa chini ya Ubelgiji, walikuja Buganda kwa miguu kutafuta kazi ya mashamba, na Masaka ilikuwa njiani mwao. Wengine walikaa msimu mmoja, wengine hawakurudi tena. Wajukuu zao ni majirani zetu leo na hakuna anayewaita wageni. Lugha ya kazi bandani ilikuwa mchanganyiko wa Kiganda na Kiswahili. Banda lenyewe halipo tena, lakini msingi wake ndio uliokuja kubeba ghala.

Ghala ndilo badiliko kubwa kuliko yote, na lilikuja na kahawa. Robusta ni mti wa asili katika Buganda. Watu waliitafuna na kuitumia katika udugu wa damu muda mrefu kabla haijawa bidhaa. Lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia bei ilipanda, na sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1946 iliwapa wakulima nafasi ya kuuza pamoja badala ya kumtegemea mnunuzi mmoja mjini. Chini ya Gavana Andrew Cohen, katika miaka ya 1950, vyama viliruhusiwa hata kumiliki viwanda vya kukoboa. Chama cha msingi cha kata yetu hakikuwa na jengo. Babu, ambaye sasa ndiye alikuwa musika, yaani mrithi, wa baba yake, alikikodishia upande wa nyuma, akabomoa banda la vibarua na kujenga juu ya msingi wake chumba kirefu kilichoungana na nyumba.

Anayejua kazi ya kahawa atalitambua ghala hilo mara tu akiingia. Madirisha ni madogo, yako juu karibu na boriti, na yamewekwa wavu wa chuma ili hewa ipite lakini panya asipite. Mlango ni mpana kiasi cha mtu mwenye gunia begani kupita bila kugeuka. Katikati ya boriti kuu kuna ndoano nene ya kuning'inizia mizani. Kahawa ya kwetu huanikwa na maganda yake mpaka ikauke, nayo ndiyo kiboko. Ikiingizwa ghalani kabla haijakauka vizuri huota ukungu na kuharibu magunia yaliyo jirani. Kwa hiyo babu aliweka sharti: mkulima alitia mkono katika gunia lake mbele ya karani, akachukua kiganja, akakitikisa karibu na sikio. Punje kavu hulia ndani ya ganda. Iliyokaa kimya ilirudishwa uwanjani.

Wakati huo huo saruji ilianza kupatikana kwa bei ya kawaida, kwa kuwa kiwanda cha Tororo kilianza kazi katika miaka hiyo ya 1950. Sakafu ya udongo uliopakwa samadi ikafunikwa kwa saruji, na kuta za nje zikapigwa lipu ya saruji kutoka chini hadi usawa wa madirisha. Kila mtu aliona hayo ni maendeleo, na kwa sakafu ya ghala yalikuwa maendeleo kweli. Kwa kuta hayakuwa. Ukuta wa matofali yaliyounganishwa kwa udongo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa taratibu kupitia uso wake. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, na matofali nyuma ya lipu hugeuka unga. Hivyo ndivyo sehemu ya chini ya ukuta wa kaskazini ilivyo sasa. Mafundi wengi watakuambia dawa yake ni saruji zaidi, na nyumba nyingi nzuri za zamani katika Buganda zimekufa kwa dawa hiyo.

Miaka ya 1960 naipita haraka, kwa kuwa nyumba haikubadilika: kahawa iliingia, kahawa ilitoka, watoto walisomeshwa kwa fedha yake. Kisha mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Maduka ya Masaka yaliyouza misumari, taa, nguo na madawa yalibadilisha wenyewe na baadaye yakawa matupu. Mwaka 1975 ikaja Amri ya Mageuzi ya Ardhi, iliyofanya ardhi yote kuwa ya umma na kufuta wajibu wa kulipa busuulu. Meza ya barazani iliondolewa ikapelekwa jikoni, na huko ndiko iliko hadi leo.

Mwaka huo huo wa 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Mkulima wa Masaka hakuiona bei hiyo. Bodi ya serikali ndiyo iliyokuwa na haki pekee ya kununua, ililipa kidogo, na mara nyingi ililipa kwa kuchelewa. Ndipo magendo yalipokuwa njia ya kuishi: magunia yalishuka usiku kuelekea ziwani na kuvuka kwa mitumbwi hadi Kenya. Madaftari ya babu ya miaka hiyo yana kurasa tupu. Mwisho wa ghala, hata hivyo, kuna ukuta mwembamba wa tofali moja ambao hauungani na msingi, na nyuma yake kuna nafasi ya upana wa gunia lililolazwa. Ssenga anasema ulijengwa kwa siku mbili na kupakwa masizi ili ufanane na kuta nyingine. Kilichofichwa nyuma yake kililipa karo za baba yangu, na sioni sababu ya kukionea haya.

Mwezi Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliiteka Masaka, na mji uliharibiwa vibaya. Watu waliokimbia kutoka mjini walilala ghalani, barazani na chini ya mibuni. Baada ya siku chache askari wa Tanzania walipita barabara ya Bukakata, na baadhi yao walipanda hadi nyumbani kuomba maji. Kwa watu wengi wa kwetu Kiswahili kilikuwa kimekuwa lugha ya vizuizi vya barabarani na vitisho vya usiku, hivyo watu walijificha. Jjajja, mke wa babu, alitoka. Alikuwa amekulia karibu na bandari na lugha hiyo haikumtisha. Ssenga, aliyekuwa nyuma ya mlango, anakumbuka maneno.

"Shikamoo, bibi," askari mmoja alisema.

"Marahaba, wanangu. Mmetoka wapi?"

"Tumetoka Kagera, bibi. Tunaomba maji tu."

Aliwapa maji na ndizi zilizopikwa, na akawaambia ghala limejaa watoto, wasiingie na bunduki. Waliziegemeza kwenye ngazi za baraza. Walikaa kijijini siku kadhaa, na mmoja wao, aliyekuwa seremala kabla ya vita, aliitengeneza bawaba ya mlango wa mbele. Bawaba hiyo bado inafanya kazi.

Vita vilivyofuata havikuwa na adabu hiyo. Katika miezi ya mwisho ya 1985, wakati kambi ya jeshi ya Masaka ilipokuwa ikigombaniwa kati ya serikali na waasi wa NRA, familia ilihamia kwa ndugu walio mbali na barabara, na iliporudi ilikuta mabati ya ghala yameng'olewa pamoja na milango miwili. Kwa miaka kadhaa upande wa nyuma ulifunikwa kwa nyasi, kama ile nyumba ya kwanza kabisa.

Kipindi kinachofuata ndicho kigumu kwangu kukiandika. Ugonjwa ambao watu wetu waliuita siliimu, yaani UKIMWI, na ambao ulianza kuonekana mwaka 1982 katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, Rakai, uliingia katika kila nyumba ya Masaka. Vijana waliokuwa wamekwenda mijini walirudi kuuguzwa. Chumba cha mbele kulia, kilichokuwa cha wageni, kilitobolewa mlango wa pembeni ili mgonjwa afike msalani bila kupita ukumbini mbele ya watu. Jjajja ndiye aliyeamuru ukatwe, na ukiupima utaona kuwa ni mfupi na umekatwa kwa haraka. Wauguzi wa hospitali ya Kitovu, ambayo ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani mwaka 1987, waliingia kwa mlango huo. Jjajja alizika watoto wake wanne. Walioachwa ni wajukuu kumi na mmoja, mimi nikiwa mmoja wa wadogo, na tulilala sote katika ule ukumbi mrefu kwa sababu hakutaka tulale mahali asipoweza kutusikia tukikohoa. Nyumba iliyojengwa kuonyesha hadhi ya mtu mmoja ikawa nyumba ya kulelea yatima, na sidhani imewahi kuwa na kazi ya heshima zaidi.

Kahawa ilitusaidia kwa muda. Ukiritimba wa bodi ulivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baridi nyingine ya Brazil mwaka 1994 ilipandisha bei. Safari hii mkulima alipata sehemu yake, na ghala likaezekwa upya kwa mabati mepesi. Lakini mnyauko wa kahawa, ugonjwa wa ukungu ulioonekana Uganda mara ya kwanza mwaka 1993 huko Bundibugyo, ulikuwa tayari njiani. Majani hugeuka manjano upande mmoja, matawi hukauka, na mti hufa ukiwa na matunda yake. Hakuna dawa, unang'oa, unachoma, unangoja. Ugonjwa huo uliua karibu nusu ya mibuni ya robusta nchini. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 shamba letu lilikuwa mihogo na mahindi, na ghala lilikuwa tupu.

Utupu huo ndio uliolifanya shule. Mwaka 1997 serikali ilianzisha elimu ya msingi bila karo, na idadi ya wanafunzi nchini iliruka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. Shule ya kata yetu haikuwa na pa kuwaweka. Darasa la kwanza na la pili yaliletwa ghalani, la tatu likakaa barazani, na ubao ulipakwa rangi nyeusi moja kwa moja ukutani, tena juu ya ule ukuta wa magendo. Madirisha mawili yalipanuliwa ili mwanga uingie. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma humo, nikiitazama ndoano ya mizani juu ya kichwa cha mwalimu. Madarasa mapya yalipojengwa shuleni, ghala lilibaki la kuku, kisha la mahindi, kisha la vitu ambavyo hakuna aliyetaka kuvitupa.

Sasa kahawa imerudi. Watafiti wa kituo cha kahawa cha Kituza walitoa aina za robusta zinazostahimili mnyauko, na binamu zangu wamepanda upya. Katika mwaka wa kahawa wa 2023/24 Uganda iliuza nje zaidi ya mifuko milioni 6 ya kilo 60, na bei ya kiboko imewafanya hata walioko Kampala kukumbuka njia ya shambani. Ndiyo sababu ya mjadala. Baadhi ya ndugu wanataka jengo la zamani libomolewe, matofali mazima yauzwe, na mahali pake ijengwe nyumba ya kisasa yenye vigae na choo cha ndani. Haja yao ya choo cha ndani ni ya haki, hasa kwa Ssenga, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kutoka usiku. Lakini ghala la kisasa la kukausha na kutunza kahawa lingehitaji madirisha ya juu yenye wavu, sakafu ngumu, mlango mpana na paa la kutokuvuja, na vitu hivyo tayari tunavyo. Kubomoa ili kununua upya ulichonacho ni upotevu, na kikao cha ukoo, baada ya maneno mengi, kilikubali kuijaribu njia ya matengenezo kwanza.

Kazi itaanza kabla ya mvua za Machi, ili ghala liwe tayari kwa msimu mkubwa wa Masaka unaofunguka karibu na Mei. Kwanza ni mifereji ya paa, kwa sababu hakuna maana ya kutengeneza ukuta ambao maji bado yanaumwagikia. Kisha lipu ya saruji itabanduliwa kwenye ukuta wa kaskazini, matofali yaliyooza yabadilishwe, na mahali pake ipigwe lipu ya udongo na chokaa. Tumempata fundi mmoja mzee anayeijua kazi hiyo, naye amekubali kuwafundisha vijana wawili wa kijijini. Choo cha ndani kitawekwa kwenye kile chumba cha mbele kulia, ambacho tayari kina mlango wa pembeni. Kilichobaki bila kuamuliwa ni ule ukuta mwembamba wenye ubao mweusi. Mimi nimeomba uachwe. Binamu anayesimamia shamba anasema unakula nafasi ya magunia thelathini, na hesabu yake ni sahihi, kwa hiyo tutalizungumza tena fundi atakapofika upande huo.